GHALA LIMEJAA, MACHO YANA NJAA

(Haya ni mazungumzo ya bibi shamba mbele ya wahitimu wa kisomo, katika kijiji kimoja cha kanda ya kati. Tumeyachapa kama yalivyosemwa ili yasomwe polepole nyumbani na kujadiliwa katika vikundi.)

  

Nimeombwa nizungumze juu ya matunda na mboga. Najua wengine mnasema moyoni, "Mboga gani tena? Tumekula mlenda tangu utotoni, leo tufundishwe nini?" Ni kweli. Sikuja kuwafundisha kula mlenda. Mnaujua kuliko mimi. Nimekuja na swali moja tu, nalo ni hili: Katika nyumba yako, ni mwezi gani ambao mtoto hali jani wala tunda?

Kabla hamjajibu, tuelewane juu ya neno. Kwetu sisi chochote kinacholiwa na ugali huitwa mboga. Nyama ni mboga, dagaa ni mboga, maharage ni mboga. Vyote hivyo ni vizuri, tena vinajenga mwili. Lakini leo nikisema mboga, nina maana ya majani, maboga, nyanya, karoti na vitu vya namna hiyo. Vyakula hivi, pamoja na matunda, ndivyo vinavyoulinda mwili usipatwe na maradhi.

MWAKA WETU UNA MIEZI MINGAPI YA MBOGA?

Haya, tuhesabu pamoja. Huku kwetu kanda ya kati mvua ni moja tu kwa mwaka. Huanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili.

Novemba na Desemba ghala limekaribia kwisha. Nafaka ni ya kupimia. Lakini nani ameiva wakati huo? Mwembe! Maembe huanza kuiva huku bara karibu Novemba, yakaendelea mpaka Januari. Watoto wanashinda chini ya mwembe. Tumbo halijashiba ugali, lakini embe lipo.

Januari, Februari na Machi shamba lote ni kijani. Mlenda upo. Mchicha wa porini upo. Mgagani, majani ya kunde, majani ya maboga, mnavu, matembele, vyote vipo. Mama hatoki hata hatua ishirini, amejaza kikapu.

Aprili na Mei maboga yanakomaa, viazi vinachimbwa. Majani yanaanza kuzeeka na kukauka.

Sasa tufike Juni. Tunavuna mtama, uwele, mahindi. Ghala limejaa. Ngoma zinalia, harusi zinafungwa. Kila mtu anasema, "Mwaka huu Mungu ametujalia." Lakini mwangalieni yule mtoto wa miaka miwili. Julai anakula ugali na nini? Agosti? Septemba? Maembe hakuna. Majani yamekauka. Anakula ugali na dagaa kidogo, au ugali na chumvi, au uji mweupe asubuhi na jioni.

Mnaona jambo hilo? Miezi ambayo tunajiona matajiri wa chakula, ndiyo miezi ambayo mtoto hana mboga wala tunda. Tumbo limeshiba, lakini kuna njaa nyingine ndani ya mwili. Njaa hiyo haiumi tumboni. Ndiyo maana haionekani upesi.

MTOTO ASIYEONA JIONI

Labda mmewahi kumwona mtoto ambaye mchana anacheza vizuri, lakini jua likizama anakaa mahali pamoja. Ukimwita, anapapasa. Anagonga mtungi, anakanyaga kuku. Mama anamgombeza, "Huoni?" Naam, haoni kweli. Mchana anaona, giza likianza kuingia haoni.

Huyo hajarogwa. Mwili wake umekosa vitamini A. Vitamini ni vitu vidogo sana ndani ya chakula. Hatuvioni kwa macho, lakini mwili hauwezi kufanya kazi bila hivyo. Vitamini A ndiyo inayosaidia jicho kuona kwenye mwanga mdogo. Tena huulinda mwili na maradhi. Ikikosekana kwa muda mrefu, jicho hukauka, likapata kidonda, mtoto akapofuka moja kwa moja. Hata kabla ya kufika huko, mtoto aliyekosa vitamini A akipatwa na surua au kuhara, huugua sana kuliko mwenzake, na anaweza kufa.

Surua nayo huimaliza haraka vitamini A iliyomo mwilini. Kwa hiyo mpeleke mtoto akachanjwe. Na ukiona mtoto haoni jioni, usingoje kesho kutwa. Mpeleke zahanati. Dawa ipo.

Mtaniuliza, "Bibi shamba, mbona watoto wetu hupewa matone ya vitamini A?" Ni kweli. Watoto wa kuanzia miezi 6 hadi kabla ya kutimiza miaka 5 hupewa matone hayo mara 2 kwa mwaka. Msikose siku hiyo hata kama kuna kazi shambani. Lakini matone hayachukui nafasi ya chakula. Mama mwenye mimba na mama anayenyonyesha wanaihitaji vitamini hiyo kila wiki katika chungu chao. Mtoto naye ataendelea kula baada ya kutimiza miaka 5.

Na sasa sikilizeni vizuri. Mwili una ghala lake la vitamini A. Ghala hilo ni ini. Mtu akila maembe na majani mengi wakati wa msimu, ini huweka akiba, nayo huweza kumsaidia kwa muda baadaye. Lakini ghala la mtoto mdogo ni dogo. Akiba yake haifiki mbali. Ndiyo maana tunataka kila mwezi kiingie kitu.

Vitamini C ni tofauti. Hiyo mwili hauna pa kuiweka kwa muda mrefu. Inatakiwa iletwe mara kwa mara. Hulinda fizi na husaidia vidonda kupona. Tena husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo katika majani. Madini ya chuma ndiyo yanayotengeneza damu. Mama mjamzito mwenye damu kidogo huchoka, huona kizunguzungu, na siku ya kujifungua akitokwa na damu nyingi, maisha yake yamo hatarini. Vidonge anavyopewa kliniki avimeze vyote, na chungu chake kisikose majani.

RANGI ITATUONGOZA

Sasa tutajuaje chakula chenye vitamini A? Hatuna mashine ya kupimia. Lakini tuna macho. Rangi itatuongoza.

Jani likiwa la kijani kilichokoza, lina vitamini A nyingi. Mchicha, majani ya kunde, majani ya maboga, matembele, mnavu, mgagani, kisamvu na majani ya mlonge, yote yamo katika kundi hili. Tunda au kiazi kikiwa cha manjano au rangi ya chungwa kwa ndani, nacho ni chema. Hapo tunaweka embe lililoiva, papai lililoiva, boga, karoti na viazi lishe.

Hapa kuna jambo linalotupoteza wengi. Tunaona kabichi imetoka mjini kwa gari, tunasema hiyo ndiyo mboga ya maana. Mnavu tunaukanyaga njiani, tunasema huo wa maskini. Kabichi si mbaya. Ina vitamini C. Lakini ni nyeupe kwa ndani, kwa hiyo vitamini A yake ni kidogo sana. Mnavu na mchicha vimeishinda mbali. Mgeni akija, usione aibu kumpa mlenda na majani ya kunde.

Kwa viazi pia angalieni rangi. Kiazi kitamu cheupe kinatia nguvu, lakini vitamini A hakina, au kinayo kidogo mno. Kiazi lishe, chenye rangi ya chungwa kwa ndani, kina zote mbili. Aina kama Kabode, Ejumula na Mataya zinalimwa hapa nchini. Mwulizeni bwana shamba wenu zinapatikana wapi. Mkitengeneza michembe, tengenezeni na ya viazi lishe.

Kwa vitamini C tazameni machungwa, ndimu, malimau, mapapai, mapera, nyanya na ubuyu. Wengi wanadhani chungwa ndilo lenye vitamini C kuliko matunda yote. Sivyo. Pera, uzito kwa uzito, lina vitamini C zaidi ya mara mbili ya chungwa. Nalo pera tunawaachia ndege!

AINA MBALIMBALI, MISIMU MBALIMBALI

Mtu mwenye akili hapandi miembe kumi ya aina moja. Kwa nini? Kwa sababu yote itaiva kwa wakati mmoja. Wiki tatu mnashindwa kuyamaliza, kisha mnangoja mwaka mzima.

Tuna embe dodo, kubwa na tamu. Tuna bolibo, viringe na sindano. Siku hizi kuna pia miche ya kubebesha, kama Apple, Kent na Keitt. Keitt huchelewa kuiva kuliko nyingi. Ukiwa na ya mapema na ya kuchelewa, msimu wako unarefuka. Mwembe wa kubebesha huanza kuzaa mapema, baada ya miaka mitatu au minne. Wa kuotesha kwa kokwa hukaa miaka mingi zaidi.

Machungwa ni hivyo hivyo. Huku kwetu mengi hutoka Muheza, mkoani Tanga, na huanza kuonekana kwa wingi karibu Mei au Juni. Valencia ni aina inayochelewa, kwa hiyo hutupatia machungwa wakati mengine yamekwisha. Mananasi, kama yale ya Kiwangwa huko Bagamoyo, huwa mengi karibu na mwisho wa mwaka. Ndizi na mapapai hazina msimu mmoja. Penye maji hupatikana mwaka mzima.

Na yale ya porini msiyasahau. Furu, kunazi, ukwaju na ubuyu ni mali yetu. Ubuyu na ukwaju hukomaa wakati wa kiangazi, yaani wakati ule ule ambao tunalia hatuna matunda. Unga wa ubuyu hukaa muda mrefu bila kuharibika ukiwa mkavu. Chukua maji yaliyochemshwa yakapoa, koroga unga wa ubuyu, mpe mtoto. Au tia ndani ya uji ukishaepua. Usiuchemshe, maana moto huharibu vitamini C.

Ndugu msomaji wa Tanga, Pwani au Kilimanjaro, wewe badili miezi. Kwenu kuna mvua za masika kati ya Machi na Mei, na za vuli kati ya Oktoba na Desemba. Mna bahati ya majani mara mbili. Lakini nanyi mna miezi yenu mikavu. Itafuteni.

TUFANYE NINI? MAMBO MANNE

Wazee waliokuwapo mwaka 1975 wanaikumbuka kampeni ya Chakula ni Uhai. Vikundi vilikaa kuzunguka redio, vikasikiliza, vikajadiliana, halafu vikaamua la kufanya. Hawakuishia kusikiliza. Nasi tusiishie kusikiliza. Nitataja mambo manne. Kila nyumba ichague hata moja.

La kwanza: Tuweke maboga.
Hili ni rahisi kuliko yote. Boga lililokomaa vizuri, lenye ganda gumu, hukaa ndani ya nyumba miezi miwili au zaidi bila kuoza. Livune pamoja na kikonyo chake. Usilitupe chini, maana likipata jeraha litaoza. Liweke mahali pakavu, penye hewa, si juu ya udongo wenye unyevu. Nyumba yenye maboga 20 mwezi wa Mei, ikila mawili kwa wiki, itafika Julai. Na chagueni yale ya manjano yaliyokoza kwa ndani.

La pili: Tukaushe majani vizuri.
Najua mnakausha. Tangu mababu mnakausha mlenda na majani ya kunde. Lakini wengi tunayaanika juu ya mwamba au juu ya bati, juani kabisa, siku nzima. Jua kali huharibu vitamini A. Majani yanabaki, nguvu imekwenda. Fanyeni hivi:

Chumeni majani asubuhi, Februari hadi Aprili, yakiwa bado machanga. Yaosheni kwa maji safi. Chemsheni maji yenye chumvi kidogo. Chovyeni majani ndani yake kwa dakika 2 hivi, kisha toeni. Yatandazeni juu ya kichanja, kivulini, mahali penye upepo. Funikeni kwa kitambaa chepesi, inzi na vumbi wasifike. Geuzeni mara kwa mara. Yakiwa makavu kiasi cha kuvunjika mkononi, yatieni katika chungu au debe lenye mfuniko, mweke mahali penye giza.

Kilo 10 za majani mabichi hutoa karibu kilo 1 ya makavu. Kwa hiyo kausheni mengi. Kikapu kimoja hakifiki mbali.

Maembe nayo hukaushwa. Chagua yaliyoiva lakini bado magumu kidogo. Osha mikono na kisu. Menya, kata vipande vyembamba, anika juu ya wavu safi chini ya kitambaa. Mtoto wa shule akipewa vipande vya embe kavu Machi au Aprili, atakushukuru.

La tatu: Tupande miti miwili karibu na nyumba.
Mti wa kwanza ni mpapai. Ukipata maji huzaa matunda ya kwanza baada ya karibu mwaka mmoja. Pandeni miche mitatu katika shimo moja, maana mingine ni dume. Ikitoa maua mtaijua. Dume hutoa maua mengi yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu. Jike maua yake hukaa karibu na shina. Ng'oeni madume, bakizeni mmoja tu kwa majike 10 hivi.

Mti wa pili ni mlonge. Huu unavumilia ukame. Ukatweni usirefuke, ili majani yachumwe kwa mkono. Majani yake yapikwe kama mchicha, au yakaushwe kivulini, yatwangwe, kijiko kimoja kitiwe katika uji wa mtoto. Mtoto huanza kula vyakula hivi akifikisha miezi 6. Kabla ya hapo, maziwa ya mama peke yake.

La nne: Tuwe na bustani ya kiangazi.
Mtasema, "Maji yako wapi?" Nami najua maji huku ni tabu. Sisemi mlime ekari. Chukueni gunia moja. Changanyeni udongo na samadi iliyooza. Katikati panga mawe kama nguzo, ili maji yafike chini. Toboa matundu pembeni, panda sukuma wiki na mnavu. Juu sia mchicha. Maji ya kuogea mtoto au ya kuoshea mboga, yasiyo na sabuni nyingi, mwagieni hapo. Mchicha unachumwa baada ya wiki 3 au 4. Ukisia kidogo kila wiki mbili, hautakatika.

Na mwenye bonde au karibu na kisima, atunze marando ya viazi lishe wakati wa kiangazi. Atakula matembele, na mvua ikinyesha ana mbegu tayari.

TUSIUE MBOGA CHUNGUNI

Mboga ikiingia jikoni, bado inaweza kupotea. Sikilizeni, mama zangu, na ninyi baba mnaopika.

Osha majani kabla ya kuyakata, si baada. Yakate makubwa makubwa. Tia maji kidogo tu, funika, pika kwa muda mfupi, dakika 5 hadi 10. Maji yale usimwage, ndiyo yenye vitamini. Usitie magadi kwa mboga laini. Magadi hulainisha, lakini huua vitamini C.

Kisamvu ni tofauti. Kisamvu kina sumu. Kitwangwe, kichemshwe muda mrefu, sufuria ikiwa wazi.

Tena mwili hauwezi kuichukua vitamini A ya majani vizuri bila mafuta. Kwa hiyo tieni karanga zilizotwangwa, au kijiko cha mafuta ya alizeti. Majani yaliyochemshwa kwa maji na chumvi peke yake, sehemu kubwa ya faida yake inapotea. Ukishaepua, kamulia ndimu au weka ukwaju, madini ya chuma yapate kuingia mwilini. Na chai ya majani usinywe pamoja na chakula, maana huyazuia madini hayo. Ngoja kama saa moja.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kila siku. Hiyo ni karibu nusu kilo. Embe moja kubwa na bakuli la mchicha vinakaribia hapo. Si jambo la matajiri.

BABA ZANGU, NENO HILI NI LENU

Nimezungumza na mama kwa muda mrefu. Sasa nageuka upande wa pili. Baba zangu, mnasema mboga ni kazi ya wanawake. Lakini mwembe ni wa nani? Ni wa baba. Maembe yakiiva, mchuuzi anakuja na gari, anaupatana mti mzima na baba. Mti unakwenda na matunda yake yote. Mtoto anaokota yaliyooza.

Sisemi msiuze. Uzeni, mpate karo na nguo. Lakini kabla hujapatana bei, toa tawi moja la nyumba. Mwambie mchuuzi, "Tawi lile la mashariki si lako." Hata akipunguza bei kidogo, macho ya mtoto hayanunuliwi sokoni.

Tena yale yanayooza chini msiyaache. Ndani yake huzaliana inzi wa matunda, ambao wameharibu maembe mengi Afrika Mashariki tangu mwaka 2003. Yafukieni shimoni, kina cha nusu mita au zaidi. Msimu ujao mtavuna mazima.

Na kichanja cha kukaushia, nani atakijenga? Miti ya kukata, kamba za kufunga, hiyo ni kazi ya asubuhi moja kwa mwanamume. Gunia na samadi, nani atabeba? Wala neno lile la mezani, "Leo tena majani?", naomba likome. Baba akikunja uso mbele ya mboga, watoto wote watakunja.

KAZI YA NYUMBANI

Ninyi ni wahitimu wa kisomo. Mnajua kuandika. Basi kalamu ifanye kazi.

Leo jioni chukueni karatasi au daftari. Andikeni majina ya miezi 12, mmoja chini ya mwingine, kuanzia Januari. Mbele ya kila mwezi andikeni majani na matunda ambayo nyumba yenu huyala mwezi huo. Andikeni ya kweli, msiandike ya kunifurahisha. Itakuwa hivi:

Januari: embe, mlenda, mchicha.
Februari: mlenda, majani ya kunde, majani ya maboga.

Endeleeni hivyo mpaka Desemba. Mtakapofika mwezi ambao hamna la kuandika, pigeni mstari chini yake. Hapo ndipo penye njaa ya nyumba yenu. Kisha jiulizeni: boga litafika hapa? Majani makavu yatafika? Papai? Ubuyu? Andikeni kwa rangi nyingine kile mtakachokileta, na jina la atakayeshughulika nacho. Baba kichanja, mama kukausha, kijana gunia.

Bandikeni karatasi hiyo ukutani, karibu na ghala. Kila mwaka tunahesabu magunia. Mwaka huu tuhesabu na miezi. Nyumba isiyo na mstari hata mmoja, hiyo ndiyo nitakayosema ina chakula.

 Sasa ni zamu yenu kuniuliza.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Ni miezi gani ambayo watoto wa kijiji chetu hawapati majani wala matunda? Kwa nini?
2. Mtoto asiyeona jioni amekosa nini? Tufanye nini tukimwona?
3. Kwa nini majani yakaushwe kivulini na si juani?
4. Taja majani matano ya kijani kilichokoza yanayoota hapa kwetu.
5. Mboga za majani zipikwe namna gani zisipoteze faida yake?
6. Nani ataleta maboga ya mbegu, nani mbegu za mipapai, na kichanja cha kwanza kijengwe kwa nani?